Tikiti Kati ya Kurasa

Dirisha langu ni dogo, latosha mkono na sarafu.
Shilingi kumi, tikiti, karatasi kwa anayehitaji,
na mtu anapita mbio bila kunitazama usoni.
Nawashukuru. Asiyesalimu
hanikatizi sentensi.

Vitabu nanunua kwa Muthiani,
anayevitandaza juu ya gunia nyuma ya stesheni ya reli:
hamsini kimoja, vitatu mia na ishirini.
Ukirudisha bila kukunja masikio ya kurasa
anakupunguzia kumi. Kumi hiyo naijua thamani yake:
ni haja ya mtu mmoja.

Nilianza na ya upelelezi, mwezi wa mvua,
Kwamboka akiwa likizo, mimi nikipiga deki
na kumsaka muuaji kwa zamu.
Kila mtu alikuwa na sababu: mjane, mpishi,
wakili mwenye viatu visivyojua tope.
Kufika ukurasa wa mia mbili na tatu, hola!
Majani manne ya mwisho yamechanwa.
Muuaji alikwenda na mtu aliyebanwa mahali pasipo karatasi.
Nikamhukumu wakili. Mpaka leo
kiatu kinachong'aa siku ya tope
nakikagulia tikiti mara mbili.

Za mapenzi nazidharau hadharani,
nazisoma nimezivika gazeti.
Humo hakuna anayedaiwa kodi ya nyumba.
Mwanamke analia roshanini, chozi moja tu,
wanja umetulia.
Mimi alipoondoka baba Nyaboke
nililia kwa kamasi, jirani akagonga ukuta.
Upuuzi mtupu, nikasema,
na waliposhikana mikono kwenye ukurasa wa mwisho
nikampa mtu wa hamsini chenji ya mia.

Ya kutisha sikuimaliza.
Mchana ni maneno tu, na watu wako foleni.
Lakini saa mbili usiku, nikifunga,
mfereji wa chumba cha mwisho ukidondoka
kama mtu anayehesabu polepole,
nilikitia kitabu ndani ya ndoo, nikaifunika,
nikaweka tofali juu.

Kisha ile ya watu wanaohamia sayari nyekundu.
Miaka saba safarini!
Nikaizunguka meli yao chumba kwa chumba:
mitambo, bustani ya nyanya, maktaba,
ukumbi wa kutazamia nyota.
Choo hakuna.
Nikarudi mwanzo nikidhani nimeruka.
Hakuna. Watu mia nne, werevu watupu.
Nikacheka mpaka mzee aliyekuwa akitoka
akajikagua zipu.

Na iko moja nene, haina jalada,
sijui nani kaiandika wala aina yake ni ipi.
Muthiani alinipa kama nyongeza, alitaka nafasi kwenye gunia.
Kurasa arubaini mwanamke anamenya minji.
Arubaini! Ganda, punje, ganda, punje.
Nililala mara tatu, paji la uso juu ya kisanduku cha fedha.
Jumanne moja akafika kwenye punje ya mwisho,
akalitaja jina la kaka yake kwa sauti,
yule aliyetoka mwaka wa ghasia na hakurudi,
kisha akaweka sufuria motoni.
Basi. Sura ikaisha.

Ondieki wetu pia alitoka.
Alisema anakwenda kununua kiberiti.
Hatukumzika, hatukumpata,
na mama alikataza sahani yake ihamishwe.

Sarafu ikagonga ubao. Sikuiona.
"Kumi hii, mama."
Akangoja. Wa kwanza kungoja tangu nikalie kiti hiki.
"Unasoma nini?"
Nikatafuta neno, koo limeziba.
"Minji," nikasema.
Akaitikia kama aliyeelewa, akapita
bila karatasi.

Kitabu hicho sikukirudisha.
Muthiani akiuliza, namwambia bado niko katikati,
na si uongo kabisa:
tikiti ya siku ile imekaa palepale,
upande mmoja ganda, upande mmoja punje.
Kumi yake na abaki nayo.